Mume amelipia Krismasi ya Lapland, mama mkwe yuko kimya na ndugu wa Moshi wamekasirika

Shikamoo dada, naomba unisaidie maana nimeshaongea na mashoga zangu wawili na kila mmoja kanipa jibu lake, nimebaki pale pale.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 mdogo 6, tunaishi Vantaa hapa Finland mwaka wa saba sasa. Mume wangu ni Mchaga wa Machame, mimi kwetu Singida, na hii nakuambia kwasababu mambo ya Krismasi ya Wachaga mimi nimeyakuta ukubwani. Kwetu Krismasi ni wali kuku na nguo mpya basi, ila kwa wenzetu ni kitu kingine kabisa, kila mtu anapanda Moshi, mabasi yanajaa, nauli inapaa, mtu asipoonekana wanaulizana amepatwa na nini. Sisi Krismasi tatu hatujaenda, nauli ya watu wanne mwezi wa 12 haishikiki.

Baba mkwe alifariki mwezi wa 3 mwaka huu. Mume wangu alienda peke yake kuzika, akakaa wiki mbili akarudi kazini. Mwezi wa 5 tumekaa tu jioni akaniambia nimelipia safari ya Rovaniemi, kule Lapland kaskazini mwa Finland, Krismasi, watoto wakaione theluji ya ukweli na wamuone Joulupukki, ndo Baba Krismasi wa huku. Sikukataa, watoto walikuwa wanaomba miaka yote. Kalipia moki, zile nyumba ndogo za mbao, usiku 4 kuanzia tarehe 22 mpaka 26, na treni ya usiku kwenda na kurudi, na siku moja ya kuvutwa na mbwa kwenye theluji. Jumla imezidi euro 3,000 na kubwa hairudi ukighairi.

Sasa mwezi wa 10 mama mkwe akaja. Huo haukuwa mpango wa mwanzo, watoto wake wa Moshi ndo walisema mama anakaa mpweke sana, kitinda mimba, ndo mume wangu, amchukue akapumzike, viza ikatoka siku 90, anarudi katikati ya mwezi wa 1. Mama ana miaka 69, ana presha anameza vidonge kila asubuhi, na goti la kushoto linamsumbua. Mume wangu akaongeza tiketi moja kwenye treni, moki ina vyumba vitatu, akasema imeisha hiyo, mama tunaenda naye.

Juzi ndo habari ikafika kwenye group la familia, sijui nani kasema, na hapo ndo pakawaka. Wifi yangu kaandika tulimtuma mama akapumzike hatukumtuma akagande. Shemeji mkubwa akaja na maneno marefu kwamba hii ni Krismasi ya kwanza bila mzee, kaburi bado halijajengewa, na badala ya kitinda mimba kuwa nyumbani anamburuza mama kwenye barafu kutafuta Baba Krismasi. Mume wangu kasoma, hajajibu hata neno, katoka kwenye group. Tangu hapo ukitaja Moshi anainuka anaenda kuoga.

Mama mwenyewe ukimuuliza anasema mimi ni mgeni wenu mwanangu, mtakapokwenda nitakwenda. Hapo simuelewi kama anataka au anavumilia. Mwezi wa 11 theluji ilipoanguka mara ya kwanza nilimkuta balkoni asubuhi na kisahani cha chai, kachota ile ya kwenye reli, anaitazama, halafu akachukua kidogo kwa kidole akaweka mdomoni. Akaniambia, kumbe ndiyo hii. Miaka 69 naiona pale juu Kibo nikitoka tu nje na sikuwahi kuigusa. Alifurahi kweli siku ile. Lakini siku nyingine saa 9 mchana giza likishaanza kuingia anauliza, hivi huko mnakonipeleka kunapambazuka? Na usiku mara mbili nimeamka kunywa maji nimemkuta jikoni kakaa gizani na kitenge mabegani, kashika simu anaangalia picha ya nyumbani kwake, akiniona anaizima.

Mimi nikafikiria nibaki naye hapa Vantaa kwenye joto, mume aende na watoto. Nilipomwambia akasema nikifanya hivyo nimemharibia kila kitu, na siku mbili sasa analala sebuleni. Watoto wameshawaambia darasa zima kwamba wanaenda, mdogo kaandika barua ya zawadi.

Dada nifanye nini? Nibaki na mama, twende wote, au nimbane mume aghairi hata kama hela inapotea? Na ile baridi kweli haitamdhuru mtu wa presha? Na hawa mawifi niwajibu nini maana wananipigia mimi sasa.

Mke wa Kitinda Mimba, Vantaa

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Poleni sana na msiba, najua ni mwezi wa 3 lakini kwa mama na kwa mume wako ni kama jana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijafika kwenye baridi nataka nikuonyeshe kitu umekiandika mwenyewe halafu ukakipita. Mzee kafariki mwezi wa 3. Mume wako kazika, kakaa wiki mbili, karudi kazini. Mwezi wa 5 kalipa zaidi ya euro 3,000 ili siku ya Krismasi awe mahali ambapo hakuna kitu hata kimoja kinachofanana na Machame. Na huyu ni kitinda mimba wa Kichaga, wewe wa Singida inawezekana hili hujaambiwa vizuri, kwa mila yao nyumba ya baba na kihamba chake, lile shamba la nyumbani, vinabaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, kwahiyo Krismasi ya mwaka huu anayetazamiwa kusimama pale uani, apokee watu, aulizwe mbuzi yupi achinjwe, ni yeye. Ile nafasi ya mzee iko wazi na macho yote kwake. Mimi siwezi kuingia moyoni mwa mtu, ila nikizitazama hizo tarehe simuoni mtu anayetaka kumtesa mama yake, namuona mtu ambaye hajui hiyo siku ataivukaje. Ndo maana uliposema utabaki na mama akachukia vile, amesikia kwamba unamuacha aende na huo msiba peke yake.

Kwahiyo la kumbana aghairi mimi silikubali. Umefanya vizuri kuniuliza kabla hujalifanya.

Sasa mama. Kwenye barua nzima nimetafuta mahali ambapo mtu kamuuliza mama anataka nini nimekosa. Ulimuuliza kama atakwenda, hilo ni swali lingine. Watoto wa Moshi wameamua aje Finland, mtoto wa Vantaa kaamua aende Rovaniemi, wewe umeanza kuamua abaki, na group zima linabishana juu yake. Ni mjane wa miezi 9. Miaka yote hiyo kaendesha nyumba, kalima kahawa na migomba, kalisha ng'ombe zizini, kazaa na kulea, leo anahamishwa na kila mtu kwa upendo na hakuna anayekaa chini amsikilize. Na mama mkwe wa Kichaga aliye ugenini ukimwambia mama utaenda au hutaki, atakujibu mtakapokwenda nitakwenda mpaka siku anapanda ndege. Hilo ni jibu la heshima, halina habari ndani yake.

Umkalie peke yako, mume asiwepo, watoto wako shule, na mikono yenu iwe na kazi, menyeni viazi au ndizi kama mmepata. Usimtajie safari. Muulize, mama, Krismasi ya mwaka jana mzee akiwepo ilikuwaje? Halafu nyamaza. Mwache aseme alichinja nani, nani alikuja na nani hakuja, mbege, ile pombe ya ndizi, ilipikwa wapi, walitoka kanisani saa ngapi, mzee alikaa kiti gani. Akilia mwache alie, usimkimbilie na tishu na pole nyingi. Mimi nina hakika asilimia kubwa kwamba katikati ya hiyo hadithi utasikia kitu anachokikosa, na nikikisia kwa ile simu anayoishika usiku jikoni, ni kaburi. Mwezi wa 12 watu wakipanda Moshi wanasafisha makaburi ya kwao pale pale kihambani, wanapanda maua, wanakaa. Yeye mwaka huu kaburi ni jipya na hayupo. Hilo halitibiwi na hita ya Vantaa. Ukibaki naye kwenye joto mtakaa mnatazamana na lile kaburi litakuwa katikati yenu.

Baridi yenyewe nikujibu sasa kwa sababu ni swali la kweli. Rovaniemi mwezi wa 12 tegemea kati ya nyuzi -5 na -15, ila kuna siku inashuka -25 au zaidi na hutajua mpaka wiki yenyewe. Mtu wa presha baridi inambana mishipa ya damu na presha inapanda, kwahiyo kabla ya kitu chochote mpelekeni kwa daktari hapo Vantaa apimwe, aulizwe kuhusu vidonge vyake, na mumwambie kabisa daktari kwamba anaenda kwenye -20. Daktari akisema hapana ni hapana, na hapo ndo unabaki naye, na mume wako hilo atalielewa kwasababu halijatoka kwako. Akisema sawa, vidonge vya siku zote na vya ziada viwe kwenye begi la mkononi siyo kwenye sanduku, na ile bima ya safari mliyoombea viza angalieni tarehe zake zinafika mpaka anaporudi. Namba ya dharura ni 112, mkubwa wa miaka 9 naye aijue.

Mavazi hapa naongea kama mtu niliyekaa Oulu huku Finland miaka 8, na nimeona wageni wetu wengi wanavaa jaketi kubwa la gharama na chini yake tisheti ya pamba, halafu wanashangaa wanatetemeka. Pamba ikishika jasho inabaki mbichi inakunyonya joto. Ya kwanza kabisa kwenye ngozi iwe sufu, suruali ndefu ya ndani na blauzi ya mikono mirefu, juu yake sweta au flisi, juu kabisa kitu cha kuzuia upepo. Mkononi avae zile glovu za kidole gumba peke yake na vinne pamoja, vidole vinapeana joto, na ndani yake glovu nyembamba za sufu ili akitoa mkono kushika kitu asibaki mtupu. Buti iwe saizi moja zaidi ya mguu wake, soksi nene iingie na nafasi ibaki, buti ikibana damu haifiki kwenye vidole na hapo ndo mguu unaganda. Hereni za chuma azivue. Usoni ajifunike skafu, mafuta hayazuii baridi. Wenye mbwa na poro, wale wanyama wa mapembe wanaovuta sleji, kwa kawaida wanakupa ovaroli nene na mabuti kwenye ile hela mliyolipa, ulizeni kabla hamjaenda kununua.

Lakini kinachowavunja wazee huku ni utelezi, sana kuliko hiyo baridi mnayoigopa. Na goti hilo la kushoto ndo linanitisha. Nunua zile za meno ya chuma zinazovalishwa juu ya kiatu, zinauzwa mpaka supamaketi, mzoeze kuvaa na kuvua hapo hapo Vantaa wiki hizi, na atembee hatua fupi kama anashuka mlima mvua imenyesha, mama wa Machame hilo hafundishwi na mtu. Mle kwenye treni mabehewa mengi ya kulala ni ya ghorofa, vyumba vya juu vina choo na bafu lake ila kuna ngazi, vya chini ngazi hakuna ila choo ni cha korido, chagueni kwa kuangalia goti. Kitanda cha chini ni cha mama, wewe au mjukuu apande juu. Ni kama masaa 12 njiani mpaka mfike kwahiyo mtakula chakula cha usiku mkiwa ndani.

Kuhusu kupambazuka, mjibu ukweli wote. Siku zile za 22, 23 jua Rovaniemi linatoka kama saa 5 asubuhi na saa 7 na kidogo mchana limezama, ni masaa 2 na dakika tu, na hata likitoka linachungulia tu pale chini halipandi. Ukienda juu zaidi, Utsjoki huko mpakani na Norway, halitoki kabisa tangu mwishoni mwa mwezi wa 11 mpaka katikati ya mwezi wa 1. Ila usimwache akafikiri ni giza la kaburi. Kabla na baada ya hayo masaa 2 kuna mwanga, theluji inaushika, anga linakuwa bluu halafu linaingia rangi kama ya waridi upande wa kusini, na kila kitu kinanyamaza, huo mwanga sijauona mahali pengine popote. Mtoke nje saa hizo, saa 4 mpaka saa 8, kisha mrudi ndani. Zile taa za angani za kijani msiwaahidi watoto wala mama, mwezi wa 12 mawingu ni mengi na zikija ni zawadi.

Na mimi naamini mama akienda atapenda vitu viwili. Cha kwanza ni theluji yenyewe, huyu mwanamke kaitazama Kibo maisha yake yote, na ile asubuhi ya kisahani alikuambia yeye mwenyewe, kitu alichosubiri miaka 69 kukigusa utamnyima kwa kumhurumia? Cha pili ni wafugaji wa poro, kila mnyama ana mwenyewe na ana alama yake iliyokatwa sikioni. Mama wa ng'ombe wa zizini huyo atataka kujua wanakula nini. Ni laikeni, vimea kama ukoga vinavyoota ardhini, wanavifukua chini ya theluji, na wengine wanaongezewa nyasi zizini. Asiulize tu mtu ana poro wangapi, huko ni sawa na kumuuliza mtu benki ana shilingi ngapi. Hiyo ya kuvutwa na mbwa asipande, inaruka sana na goti litamuuma. Ya poro inakwenda taratibu, anakaa kwenye ngozi anafunikwa blanketi.

Sauna itakuwepo ndani ya moki, karibu kila moki inayo. Akitaka aingie akae benchi la chini, dakika chache, mtu awe naye, maji asimwagiwe mengi kwenye mawe, na habari za kutoka kwenda kujigaragaza kwenye theluji aachie vijana.

Sasa tarehe 24, na hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu mume wako inawezekana anahesabu Krismasi kama ya nyumbani, tarehe 25. Huku Krismasi ni tarehe 24. Maduka mengi mchana yanafunga, mabasi na treni vinapungua sana, tarehe 25 nchi nzima imelala. Chakula cha siku mbili kiwe ndani ya moki tarehe 23 jioni. Joulupukki naye anapita majumbani jioni ya 24, anabisha hodi mlangoni anauliza kama kuna watoto wema, watoto wako wa shule za huku hilo wanalijua. Kile kijiji chake kiko kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, pale pale unapopita mstari wa Aktiki, kuingia na kumuona ni bure, hela inatoka kwenye picha, na foleni siku zile ni ndefu, muende tarehe 22 asubuhi na mapema mkishashusha mizigo. Pale kuna posta, mama aandike kadi aitume Machame, itapigwa muhuri wa huko huko. Asubuhi ya 24 wanakula uji mzito wa mchele uliopikwa na maziwa, unanyunyiziwa mdalasini na sukari, ndani kafichwa lozi moja na atakayeipata ana bahati mwaka mzima. Mpike wenyewe, mama ashike mwiko. Mkitaka ibada, Wafini wengi ni Walutheri kama KKKT ya Machame, lugha hataielewa lakini mpangilio wa ibada ataujua na tuni nyingi za Krismasi ni zilezile, anaweza kuimba kwa Kiswahili pale pale na hakuna atakayegeuka.

Na kuna kitu kingine cha tarehe 24, hiki ndo kimenifanya nikuandikie marefu hivi.

Mimi mama yangu alifariki nikiwa Oulu, mwaka wa pili tangu nifike, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa nikashindwa kwenda kuzika. Krismasi ile nilifunga pazia nikalala. Saa 9 mchana mlango ukagongwa, ni bibi mmoja wa Kifini wa ghorofa ya chini, tulikuwa hatujawahi kuongea zaidi ya moi, ile salamu yao, ya kwenye lifti, nadhani alisikia nikilia siku zile kuta ni nyembamba. Kashika mishumaa miwili. Hakusema kitu, akanyoosha kidole kwenye koti langu ukutani. Nikavaa tukaenda mpaka makaburini, na nilipofika geti nikasimama, maana nilidhani nitaona giza na misalaba, kumbe kote kunawaka. Kila kaburi lina mshumaa juu ya theluji, mamia kwa mamia, familia nzima zinatembea pole pole na watoto kwenye sleji, watu wanainama wanawasha wanasimama kidogo wanaenda. Ndivyo wanavyofanya Wafini kila tarehe 24, kabla ya kukaa mezani wanaenda kwanza kwa watu wao. Yule bibi akawasha wa mumewe, halafu akanishika mkono akanipeleka mahali pana jiwe moja kubwa na mbele yake mishumaa imejaa imebanana. Akatafuta neno akanielekeza kwa mkono, mbali, mbali. Ni sehemu ya watu ambao wafu wao wamezikwa mahali pengine. Makaburi mengi ya huku inayo. Nikapiga magoti nikawasha wa mama.

Umeolewa na kitinda mimba, mdogo wangu, na umepewa mjane. Wapeleke wote wawili pale. Wakati unamenya viazi na mama, akishakusimulia mzee na kiti chake, ndo umwambie kwamba huko tunakokwenda watu siku ile ile wanawawashia wafu wao na kuna mahali pa waliozikwa mbali. Halafu muulize swali lenyewe, ungependa mama? Nafikiri safari hii atakujibu kitu cha kwake, na akijibu kwamba hapana, anataka kukaa Vantaa na kusali, basi mheshimu, ubaki naye kwa amani na muende makaburi ya hapo hapo Vantaa, na mume utamwambia ni mama kasema. Na mume wako mwambie usiku watoto wakilala, usimwambie nimegundua unamkimbia baba yako, hilo litamfunga. Mwambie tu mama anataka kumuwashia mzee mshumaa tarehe 24 na wewe mwanae ndiye utamshika mkono kwenye barafu. Basi. Mengine yatakuja yenyewe au hayatakuja siku ile.

Hao wa Moshi siyo kazi yako kuwajibu. Wifi akipiga mwambie mama yuko hapa ongea naye, mpe simu, mama atamjibu mtoto wake. Ila mume wako ampigie kaka yake mkubwa kwa sauti, asirudi kwenye group kwanza, amwambie mama kasema nini, daktari kasema nini, na la kaburi wapange lini wanalijengea na yeye anachangia kiasi gani. Atume na ya mbuzi wa Krismasi mapema wiki hii kabla bei hazijapanda, hata kama hayupo uani, mbuzi wa kitinda mimba awepo. Tarehe 25 wapigieni kwa video, tofauti ni saa moja tu, wao wakianza ibada saa 3 asubuhi kwenu ni saa 2 na nje bado giza, mama awaonyeshe dirishani. Na mmoja wao aende na simu mpaka kaburini ili na yeye alione.

Mishumaa ya makaburini inauzwa supamaketi zote mwezi huu, ni ile yenye kikombe na kifuniko inayowaka saa nyingi upepo hauizimi, nunua minne kwasababu watoto nao watataka kumuwashia babu. Moki zikiwa nje ya mji teksi muiagize siku moja kabla, siku ile ni chache. Simu ziwe mfuko wa ndani maana betri inakufa na baridi. Na kiberiti cha gesi kiweke humo humo karibu na mwili, ikiwa -20 gesi inapoa inakataa kuwaka, hutaki mfike mpaka pale kwenye jiwe mama kashapiga magoti halafu muanze kuomba kwa watu.